Kaniki Anapiga Chafya

Chafya ya kwanza sikuihesabu.
Huku Majengo kila kitu kinapiga chafya:
mashine ya unga, mlango wa bati,
kijana anayesukuma chukudu ya makala,
hata ukuta, ukiuegemea, unakohoa.
Goma tunakanyaga moto uliopoa.
Lori likipita, moto ule unainuka tena,
mweusi, mwembamba,
unatafuta pua.
Basi nikasema: vumbi.

Ya pili ilinikuta nikimwaga maji ya maharage.
Ya tatu na ya nne zikafuatana
kama mdai anayebisha hodi
akijua umo ndani.

Nikainama penye kibanda,
mbao za maboksi ya sabuni,
wavu niliobadilishana na kitenge changu cha Pasaka.
Pua ya Kaniki ilikuwa imelowa.

Mama Kavugho hakusita:
"Huyo ni wa chungu, leo leo.
Kesho utamzika na nyama yake."
Shangazi Kanyere, kutoka jikoni:
"Mwache. Ni mkojo wa kibanda chako,
unawasha hata macho yangu."
Kila mmoja na hukumu yake,
na hakuna aliyekuwa amemshika.

Mimi nikamshika.

Maji ya pua: meupe, mepesi kama ya mvua,
hayana rangi ya ndizi iliyoiva. Heri.
Mavi: mviringo, makavu, pilipili manga. Heri tena.
Nikampa jani la matembele.
Akalinusa, akafikiri, akala nusu.
Nusu ni ndiyo, au ni hapana?
Nikalaza sikio ubavuni mwake.
Moyo unakimbia,
lakini moyo wa sungura hukimbia hata usingizini.
Na nyuma ya moyo, kitu
kama karatasi inayokunjwa chumba cha pili,
au labda ni manyoya yake tu
kwenye sikio langu.

Mwaka ule wa chanjo ya mbuzi
daktari wa mifugo alisema neno, akipita, akinawa mikono:
"Pua ya sungura usiiamini, anaipangusa.
Tazama anapopangusia."

Nikaigeuza mikono yake ya mbele.
Upande wa ndani manyoya yameshikamana,
magumu, kama uzi uliomwagikiwa uji.
Si ya leo haya. Ni ya wiki.
Wiki nzima amekuwa akinawa uso
kabla sijafika na majani.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Paluku.
Vumbi, alisema, akacheka, wageni wakiwepo.
Vumbi, akishuka na mzigo kutoka Kibumba.
Vumbi, kitandani, akinigeuzia mgongo.
Na mimi ndiye niliyekuwa nikifua.
Mkono wa kulia wa shati, karibu na kifungo,
ulikuwa mgumu namna hii hii.
Niliusugua kwa sabuni mpaka ukalainika,
nikauanika juu ya mawe,
nikaingia ndani kupika.

Nimemtenga Kaniki kwenye karai la zamani,
mbali na wenzake wanne.
Nyasi zake nimezinyunyizia maji
zisimtimulie chochote.
Alfajiri nitamfunga kitengeni, twende Katindo,
na faranga zilizokuwa za mafuta ya taa.
Shangazi anasema nimechanganyikiwa,
daktari kwa mnyama wa sahani moja.
Sijui kama atapona.
Sijui wale wanne wamekwisha kuvuta nini.
Neno lile tu, ndani ya nyumba hii,
sitalitamka tena upesi.

Nyuma ya pazia Katembo anapiga chafya.
Mara moja. Nangoja.
Mara ya pili.

"Njoo hapa kwenye taa.
Nionyeshe mkono wa shati."

Ananinyooshea wa kushoto,
safi kabisa.
Mwanangu hutumia wa kulia.